Nguvu za Ajabu Hazitoshi: Tuandike Mashujaa Walio Watu



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wa Njombe na Makambako, katika ukurasa huu wa maoni tumeamua kuzungumzia jambo ambalo baadhi ya wazee wataliona la kitoto, nalo ni hadithi za katuni za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Tumeamua hivyo kwa sababu watoto wetu wanazisoma, wanaziangalia katika simu za kaka zao, na wengi wanazitunga wenyewe kwenye kurasa za mwisho za madaftari. Shujaa anaruka angani, anainua lori, anampiga adui, hadithi imekwisha. Ukiuliza shujaa huyu ni nani, unajibiwa kwamba anaruka. Ukiuliza adui huyu kwa nini ni mbaya, unaonyeshwa sura yake.

Sisi tunaona hapo pana kasoro. Ni kasoro ya uandishi, na ni kasoro ya malezi pia.

BAPA NA DUARA

Wanafunzi wa sekondari wamefundishwa katika fasihi kwamba kuna mhusika bapa na mhusika duara. Bapa ni yule asiyebadilika: akianza mwema anamaliza mwema, akianza mwovu anamaliza mwovu, na hatujui kwa nini. Duara ni yule anayebadilika na kukua kama watu tunaoishi nao. Ana upande anaouonyesha sokoni, upande anaoujua mama yake, na upande ambao hakuna aujuaye ila Mola wake.

Kwa wadogo zetu wa darasa la nne, tutoe mfano. Simama pale Makambako, njia panda ya kwenda Mbeya na Songea. Lori linakujia, unaliona kwa mbele tu. Huwezi kujua limebeba mbao au viazi, wala dereva amelala usingizi au amekesha. Ni lazima ulizunguke. Mwandishi wa mhusika bapa ni mtu aliyechora lori kwa mbele, kisha akadhani amemaliza kazi.

NGUVU SI TABIA

Hata huko Marekani zilikoanzia katuni za namna hii, waandishi walijifunza jambo hili taratibu. Superman alitolewa mwaka 1938 na vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster. Kadiri hadithi zilivyoendelea, nguvu zake ziliongezeka hata ikawa shida kumtafutia tatizo. Mtu asiyeweza kushindwa, msomaji atamwogopea nini? Ndipo katika miaka ya 1940 likaingizwa jiwe liitwalo kryptonite, ambalo humnyong'onyeza. Lakini jiwe ni udhaifu wa mwili tu.

Mwaka 1962 Stan Lee na Steve Ditko walimtoa Spider-Man, nao wakaugusa udhaifu wa moyo. Huyu ni mwanafunzi yatima aliyelelewa na ami yake na mkewe. Anapata nguvu, na jambo la kwanza analofanya ni kuzitafutia fedha. Siku moja mwizi anapita mbele yake, naye anamwacha akisema hayo hayamhusu. Baadaye mwizi yuleyule anamuua ami yake. Kijana huyu ana uwezo wa kupanda ukuta, lakini hana uwezo wa kuirudisha siku ile. Kwa sababu hiyo watoto wa dunia nzima wanamjua, maana kila mmoja wetu ana mwizi aliyemwacha apite.

Nasi Waswahili jambo hili si geni kwetu. Fumo Liyongo wa pwani ya kaskazini ya Kenya, ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi wake mwaka 1913, alikuwa mtu wa nguvu zisizo kifani. Hata hivyo, alipofungwa gerezani hakutoka kwa nguvu peke yake. Alitoka kwa mkate uliofichwa tupa ndani yake, aliotengeneza mama yake na kuletwa na kijakazi. Na aliyemuua si jitu la kutisha. Ni mwanawe mwenyewe, aliyelaghaiwa na mtawala wa Pate kwa ahadi ya kuozwa binti yake. Kijana alitaka mke na heshima, akaambiwa bei yake ni sindano ya shaba kwenye kitovu cha baba. Tangu utoto tunasimuliwa kisa hiki, na bado kinatuuma. Kinatuuma kwa sababu muuaji ni mwana na shujaa ni baba.

Hata wale wahusika wa katuni waliowachekesha wazazi wetu katika gazeti la Sani, kina Madenge, Lodi Lofa na Pimbi, hawakuwa na nguvu za ajabu hata chembe. Walikuwa na tabia, na mtu akimwona jirani mvivu mwenye maneno mengi aliweza kumwita Lodi Lofa, na mtaa mzima ukaelewa.

MASHUJAA WA KIISLAMU

Huenda mtu akasema: basi tupate mashujaa wetu Waislamu, na tatizo litaisha. Wamekwisha jaribu wenzetu, na majaribio mawili yana funzo.

La kwanza ni la Dkt. Naif Al-Mutawa wa Kuwait, aliyeanza kuchapisha katuni za "The 99" mwaka 2006. Mashujaa wake walitoka nchi mbalimbali, na kila mmoja alipewa sifa moja iliyotokana na Majina Mazuri ya Allah (S.W.). Nia yake ilikuwa kuwapa watoto mifano ya wema. Kazi hiyo ilipata wapenzi, na ikapata pia upinzani wa wanazuoni wa Saudi Arabia, ambao hawakuridhia majina hayo kutumiwa hivyo. Suala la kisheria tunawaachia wenye elimu yake. Kwa upande wa uandishi maoni yetu ni haya: mtu mwenye sifa moja tu, hata ikiwa sifa njema, bado ni bapa. Wema usiojaribiwa hatujui uzito wake.

La pili ni la Kamala Khan, msichana aliyepewa kitabu chake mwaka 2014 kwa jina la Ms. Marvel. Mwandishi wake, G. Willow Wilson, ni Mmarekani aliyesilimu, na mhariri, Sana Amanat, ni binti wa wahamiaji kutoka Pakistan. Kamala ana miaka 16, wazazi wake nao wametoka Pakistan, na anaishi katika jiji la Jersey City. Anapopata uwezo wa kubadili umbo, jambo la kwanza ni kujikuta amekuwa mwanamke mweupe mwenye nywele za dhahabu, maana ndivyo alivyodhani shujaa anavyotakiwa kuwa. Kisha anagundua kwamba kuvaa umbo la mwingine hakumpi raha. Dada zetu, hebu tafakarini hilo!

Kilichotufurahisha zaidi ni sheikh wa msikiti wao. Kamala anapelekwa kwake akitegemea kukemewa. Sheikh anamsikiliza, kisha anamwambia kwamba kama hawezi kuiacha njia aliyoishika, basi aifuate kwa ushujaa, ukweli, huruma na kujiheshimu. Mwandishi mvivu angemfanya sheikh huyo kuwa mkali wa kuchekwa, kama tunavyoona mara nyingi katika filamu. Huyu alimzunguka kama lori letu la Makambako, akaona kuna mtu. Hatusemi kila ukurasa wa kitabu kile unafaa kwa kila mtoto. Mzazi na asome kwanza.

SURA YA ADUI

Sasa tuje kwenye jambo zito. Mtazame adui katika daftari la mtoto wako. Utakuta ana makovu, ana macho mekundu, pengine ni bibi kizee mwenye mgongo uliopinda. Mtoto amejifunza wapi kwamba uovu unasomeka usoni?

Katika baadhi ya mikoa ya nchi yetu vikongwe wameuawa wakiitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo moshi wa jikoni wa miaka mingi ndio uliyageuza. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu ya ngozi yao. Na mwanzoni mwa mwaka 2019 mkoa wetu huu wa Njombe ulitikiswa na mauaji ya watoto wadogo, ambayo viongozi waliyahusisha na imani za kishirikina. Wazazi wakawa wanawasindikiza watoto shuleni. Msiba ule ulitukumbusha kwamba mtu mwenye kudhuru hana pembe, wala haji na kicheko cha kutisha kama kwenye katuni.

Hatusemi katuni ndizo zilizoua. Tunasema kwamba mtoto aliyezoeshwa adui bapa atakosea mara mbili: atamwogopa bibi asiye na hatia, na atamwamini mwovu mwenye uso wa tabasamu. Hadithi nzuri inamfundisha kutazama matendo.

TUJARIBU SISI

Kwa kuwa maneno matupu hayavunji mfupa, tutoe mfano wa hapa kwetu. Tumchukue kijana wa kubuni, tumwite Idrisa, wa Makambako. Nguvu yake ya ajabu ni kwamba akikigusa kitu anajua uzito wake, bila kukosea hata robo kilo. Nguvu hiyo haivunji ukuta, lakini katika mkoa wa viazi ni hatari kubwa, kwa sababu ya lumbesa. Wakulima wetu wanajua: gunia linajazwa, kisha linajengewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, likauzwa kwa bei ya gunia moja. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Idrisa akiligusa anajua kilo ngapi zimeporwa.

Adui ni dalali wa lumbesa. Mwandishi wa bapa atamchorea tumbo kubwa na meno ya dhahabu. Sisi tumwulize maswali matatu. Anataka nini? Anataka mwanawe amalize chuo. Anaogopa nini? Anaogopa umaskini, maana baba yake alikuwa mkulima aliyeporwa kwa lumbesa hiyohiyo, na aliapa hataporwa tena. Anampenda nani? Hapo ndipo hadithi inapokaza: dalali huyu ndiye baba yake Idrisa, na anaswali safu ya mbele.

Sasa nguvu ya Idrisa imekuwa mtihani. Akinyamaza, anakula kiazi kilichoporwa. Akisema, anamwaibisha mzazi ambaye Allah (S.W.) amemwamrisha kumtendea wema. Kila mwanafunzi wetu anajua kwamba Qur'an ina sura iliyopewa jina la wapunjao vipimo, na kwamba tumeamrishwa kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Lakini kuijua aya ni jambo moja, na kusimama mbele ya baba ni jambo jingine. Baina ya mambo hayo mawili ndimo hadithi inamokaa. Ngumi hata moja haijarushwa, na msomaji tayari anataka kujua kesho itakuwaje.

HOJA ZA WAZAZI

Wapo watakaosema kwamba shujaa wa watoto awe mwema mtupu, tusije tukawazoesha makosa. Tunaiheshimu hoja hiyo, lakini hatukubaliani nayo. Mtoto anayepewa shujaa asiyekosea, siku akikosea yeye atajiona hana njia ya kurudi, na sisi tunaamini katika toba. Kisa cha ndugu zake Nabii Yusuf (A.S.) kinatueleza wivu wao, hila yao na uongo wao mbele ya baba yao, kisha kinatueleza kukiri kwao na kusamehewa kwao. Hawakuwa majitu. Walikuwa watoto wa nyumba moja walioona baba anampenda mwingine zaidi. Kumwelewa mkosaji si kumhalalishia kosa lake. Ni kujua kosa huanzia wapi, ili tuzibe ufa kabla ya kujenga ukuta.

Wengine watauliza kuhusu kuchora viumbe wenye roho. Wanazuoni wana maelezo yao, na kila familia iulize kwa wanaowaamini. Ambaye hachori na aandike: mazungumzo, mahali, matendo. Somo ni lilelile. Na Manabii wa Allah hatuwaingizi katika katuni kabisa.

Basi, enyi wanafunzi, daftari ni lenu. Kabla ya kumpa shujaa wako nguvu, mpe mama, mpe deni, mpe jambo analolionea haya. Kabla ya kumpa adui wako silaha, mpe sababu. Ukishaweza kumtazama hivyo mtu wa karatasi, itakuwa rahisi kidogo kumtazama hivyo jirani yako wa damu na nyama.

Tunamuomba Allah (S.W.) azijaalie kalamu zetu ziwe za haki, na atulindie watoto wetu wa Njombe, Makambako na kwingineko. Amin.

Wabillahi Tawfiq.