Olimpiadi ya astronomia: anga tunayo, kambi je?

Mwezi Agosti 2025, jiji la Mumbai nchini India lilikuwa mwenyeji wa Olimpiadi ya Kimataifa ya Astronomia na Astrofizikia, mashindano ya wanafunzi wa sekondari yaliyoanzia Thailand mwaka 2007. Washiriki hupimwa kwa nadharia, uchambuzi wa data na utazamaji wa anga.

Katika hilo la mwisho, ukanda wetu umejaaliwa. Jioni za Aprili na Mei, mwanafunzi wa Kigoma au Bujumbura huona Msalaba wa Kusini upande mmoja na Dubu Mkubwa upande wa pili. Mwenzake wa Warsaw hauoni Msalaba huo kamwe.

Hata hivyo, anga pekee haitoshi. India huanza na mtihani wa wazi kwa maelfu ya wanafunzi, hufuata mwingine mgumu zaidi, kisha kambi katika Kituo cha Homi Bhabha, ndipo watano huchaguliwa. Darubini si kikwazo kikubwa, na maswali ya miaka iliyopita hupatikana bure mtandaoni. Kazi ngumu ni trigonometria ya tufe, inayovuka hisabati ya kawaida ya sekondari, nayo humhitaji mwalimu aliyepewa muda. Muda huo hutolewa na wizara za elimu.