Sifa ya Shule Isipatikane kwa Mchujo

Kanisa la Anglikana lina mizizi Singida: hospitali iko Kilimatinde, na makao ya Dayosisi ya Rift Valley yako Manyoni. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za madhehebu zilizopata ruzuku chini ya Serikali, ili mtoto asibaguliwe kwa dini yake. Leo madhehebu yana tena shule zao, zenye kutoza ada. Si vibaya. Lakini mkulima wa alizeti auzaye mavuno yake alipe ada hiyo ana haki ya kuuliza: waliofaulu ni wangapi kati ya walioanza?

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, na lilifanya vyema. Sasa kila shule haina budi kutaja pia idadi ya iliowaondoa kabla ya kidato cha nne.