Barabara yatima ya mtaani kwetu

Naanza na viatu vyangu vya Jumapili. Vimezama kwenye tope, mtaani kwetu huku Mazimbu.

Usiku wa mvua binti wa jirani yangu kashikwa na uchungu. Taksi ikaja mpaka lami inapoishia, dereva akagoma: "Mama, hapo siingii, nikikwama nani atanivuta?" Wanaume wanne wakambeba binti juu ya kiti cha plastiki, mie mbele namulika kwa simu. Mungu mkubwa, tuliwahi. Mtoto wa kiume, mzima. Bibi yake anamwita Matope. Tunacheka, lakini je, tungechelewa?

Asubuhi nikafunga kibwebwe. Ofisi ya kwanza: "Mama, barabara hiyo siyo yetu." Ya pili, nao siyo yao. Ya tatu: "Andika barua." Jamani, barabara yatima!

Nikaulizauliza, na niliyoyapata ndiyo haya. TANROADS, iliyoanza mwaka 2000, inashika barabara kuu na za mkoa, kama ile ya Dar es Salaam kwenda Dodoma inayopita Msamvu. TARURA, iliyoanza mwaka 2017, inashika za wilaya, na vichochoro vya magari mitaani vimo humo. Wote wawili wanapakuliwa kutoka chungu kimoja, Mfuko wa Barabara.

Na anayejaza chungu ni nani? Ni wewe! Kila lita ya mafuta ina tozo yake. Mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA.

Nikamwuliza kijana wa bodaboda anayenipeleka mjini: "Baba, kwa siku unaweka lita ngapi?"

"Tatu, mama."

"Basi kwa nyongeza ile peke yake ni 300 kwa siku. Kwa mwezi 9,000."

Akakuna kichwa. "Kumbe na mie mfadhili?"

Ndiyo, baba, mfadhili kabisa!

Wafadhili hapa Mazimbu tunawajua. Mwaka 1977 serikali iliwapa ANC shamba la mkonge lililoachwa, nao wapigania uhuru wa Afrika Kusini wakajenga shule ya Solomon Mahlangu, nyumba na hospitali, kwa misaada ya ng'ambo. Mwaka 1992 wakatukabidhi, na leo ni kampasi ya SUA. Labda ndiyo maana tumezoea kungoja mgeni atujengee, au mgombea aje na ahadi ya greda wakati wa kura. Greda si zawadi, wapenzi. Tumeshalilipia kwenye kituo cha mafuta.

Sheria ya mfuko inataka angalau asilimia 90 ya fedha ziende kwenye matengenezo. Kwa hiyo lami mpya ni kazi, lakini greda, kifusi na mtaro ndiyo shughuli yenyewe ya fedha hizo.

Sasa kosa letu liko wapi? Tunalia wakati wa tope! Masika inatukuta mwezi wa tatu na wa nne, na mwaka wa fedha unaanza Julai. Makadirio yanakuwa yameshapikwa. Tope likikauka nasi tunanyamaza, hadi mwakani. Huko ni kudandia basi lililokwishaondoka.

Tuanze kelele wakati wa vumbi. Kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya mwenyekiti na diwani, uliza mambo matatu: barabara yetu imo kwenye orodha? Mwaka huu wa fedha imepangiwa nini? Shilingi ngapi? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari.

Mie nitakwenda na viatu vyangu vya tope mkononi. Na wewe usiye na gari usijitoe, nauli ya daladala ina mafuta ndani yake. Matope naye atakuja, mgongoni kwa mama yake.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.