Kabla ya Kuilaumu Betri



Ndugu zetu wapenzi, juma hili tunaomba radhi. Mas'ala ya twahara tuliyoahidi tunayaakhirisha ili tuzungumzie laptopu isiyochaji, kwani jambo hilo limetufika ndani ya jamaa zetu, na si ajabu likawa limefika kwenu pia.

Tulikuwa tukielekea Kajiado kuhudhuria nikahi, tukapitia Kitengela kumjulia hali binti wa dada yetu, aliyeolewa huko na ambaye husomesha watoto Qur'ani kwa njia ya intaneti. Tulimkuta hana raha. "Mjomba," akatwambia, "laptopu haichaji tangu juzi, na wanafunzi wananisubiri." Ikichomekwa huwaka na kufanya kazi, lakini chaji imesimama kwenye asilimia 4, ikichomolewa huzimika papo hapo. Fundi wa mtaani alikwisha kumwambia betri imekufa, atafute shilingi elfu saba. Naye alikwisha kuamua ni nani aliyeiua: mwanawe wa miaka 11, aliyeonekana akiichezea usiku wa kuamkia siku hiyo. Mtoto aliapa kwamba hakuiangusha. Hakuaminiwa. Na sisi, Mola atusamehe, tulimketisha tukamsomea mawaidha marefu juu ya uongo.

Laptopu tukaichukua. Tukashika barabara ya Namanga, tukapita Isinya, na baada ya nikahi tukamfikishia kijana wa jamaa zetu aliye fundi pale mjini Kajiado. Tulimwambia betri imekufa. Akatabasamu kwa adabu, akasema, "Sheikh, tuanzie ukutani kwanza."

Akatueleza kwamba umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 240, na kile kisanduku cheusi cha chaja huupunguza hadi volti 19 au 20 hivi kabla haujaingia kwenye laptopu. Basi alijaribu soketi kwa taa, akaukagua waya wote kwa vidole akitafuta palipokatika, kisha akamulika tundu la chaja kwa tochi. Kitengela na Kajiado ni nchi ya vumbi, na vumbi hujikusanya humo; kwetu pwani ni kutu ya hewa ya chumvi. Husafishwa kwa brashi laini na kavu, laptopu ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Aliuliza pia kama hutumiwa juu ya godoro, kwani betri ikipata joto kali hukataa kuchajiwa mpaka ipoe. Wenye laptopu zinazogota kwenye asilimia 80 wasihangaike: mara nyingi ni mpangilio uliowekwa makusudi ili betri idumu.

Kisha akaigeuza laptopu, akaitazama kama imevimba. Hapa tunawasihi akina mama wenye watoto wadogo. Mkiona vibonye vimeinuka au kifuniko hakifungi sawasawa, izimeni, msiichaji tena, msiikandamize wala msiitoboe hiyo betri, na msiitupe jaani. Betri hizi za lithiamu zikitobolewa huweza kuwaka moto. Mpelekeeni fundi siku hiyohiyo.

Yetu haikuvimba. Ndipo akauliza swali ambalo hatukulifikiria: "Chaja hii ni yake ya asili?"

Tukapiga simu Kitengela. Binti yetu akanyamaza kidogo, kisha akakumbuka kwamba ya asili ilikatika waya, akanunua nyingine stejini. Kichwa chake kilikuwa kilekile, na volti ni zilezile zilizoandikwa chini ya laptopu. Hata ampea hazikupungua. Kwa macho yetu haikuwa na ila. Lakini kumbe baadhi ya laptopu huiuliza chaja ni ya aina gani, na chaja isiyojua kujibu huachiwa iiwashe laptopu tu, betri isipewe kitu. Kijana akachomeka chaja ya asili aliyokuwa nayo dukani. Kitambo si kirefu tukaona 5, kisha 6. (Walio na laptopu zenye tundu kama la simu nao waangalie: chaja ya simu huingia vizuri, lakini huenda nguvu zake zisitoshe.)

Betri huchoka, hatukatai. Ikishajazwa mara 300 hadi 500 huanza kuishiwa upesi. Hii haikuwa imechoka, na zile elfu saba zingetoka bure, kwa sababu betri mpya nayo ingekataa chaja ileile.

Tukapiga simu tena, tukaomba tuzungumze na mtoto. Tukamwambia tulimdhania vibaya bila ya kuthibitisha, na tunamwomba radhi. Mamake alikuwa akisikiliza pembeni. Tukamsikia naye akimwambia maneno yake kwa sauti ya chini, ambayo hatukuyafuatilia.

"Babu," mtoto akauliza, "basi naweza kuicheza tena?"

Tukamwambia amuulize mamake.