Kipaji Hakilipi Nyumba. Mafunzo Ndiyo Yanalipa

Wasee wa Amagoro, leo wacha niwakosee kidogo. Tatizo la wapiga gitaa wetu si kukosa steji. Ni kukosa mafunzo. Na nikisema mafunzo simaanishi ile ya kuonyeshwa nyimbo tatu na binamu yako jioni moja. Namaanisha gitaa ya klasiki: nyuzi za nailoni, mguu wa kushoto juu ya kistuli, nota mbele yako, kucha za mkono wa kulia zimetunzwa kama za bibi harusi.

Najua umecheka. "Klasiki, Amagoro? Nani atalipa tiketi asikize gitaa ya Wahispania na hapo Malaba malori yamepanga foleni?" Jibu: hakuna. Lakini hata huko Ulaya tiketi hazikuwalisha wengi. Fernando Sor, jina kubwa kabisa kwa hii gitaa, aliishi Paris akifundisha na kuuza nota zake. Kitabu chake cha mafunzo kilitoka 1830. Matteo Carcassi akatoa chake 1836, na mpaka leo watu wanajifunzia hicho. Steji ilikuwa tangazo. Chakula kilitoka kwa wanafunzi.

Na usiniambie kupiga kwa vidole ni mambo ya Wazungu. Huku Magharibi tulikuwa na George Mukabi, aliyefariki 1963, na mtindo wake wa omutibo: kidole gumba kinashika besi, kidole cha shahada kinaimba juu. Bunyore wakatoa Abana ba Nasery, magitaa na chupa ya Fanta, wakafika mpaka Ulaya. Kule Kongo, Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952 huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, na watu wakabaki wakiuliza ni gitaa ngapi zinapigwa. Ilikuwa moja. Hata sisi Wateso tuna akogo, na akogo inapigwa kwa vidole gumba. Kwa hivyo mtoto wa hapa akianza klasiki haanzi kutoka sifuri. Nusu ya mkono tayari iko nyumbani.

Lakini angalia pia vile pesa ilikuja. Bosco, na ukubwa wake wote, alikuja Nairobi kupiga gitaa kwa redio akitangaza dawa ya Aspro. Pembeni alikuwa na kazi za mshahara. Kama Bosco hakukaa tu kungoja rekodi zimlishe, wewe na video yako ya sekunde thelathini mnangoja nini?

Sasa tofauti ni hii. Mtu anayejua nyimbo kumi kwa sikio ana nyimbo kumi. Siku watu wakizichoka, ameisha. Mtu anayesoma nota anaweza kupewa wimbo leo ambao hajawahi kusikia, na kesho akaufundisha. Kwaya ikitaka wimbo ushushwe sauti kidogo kwa sababu soprano wana mafua, anaushusha. Kwaya zetu nyingi zinaimba kwa solfa, ile do-re-mi ya zamani. Anayeweza kutoa wimbo kwa solfa akauweka kwa gitaa ana kazi ambayo wapigaji wengi mtaani hawaiwezi. Hiyo ndiyo bidhaa yako, si kipaji.

Cheti je? Kuna bodi ya Uingereza inaitwa ABRSM, gredi ya kwanza mpaka ya nane, na mitihani yake inafanywa Kenya. Zamani ilibidi umkabili mtahini ana kwa ana. Tangu 2020 kuna mtihani wa kutuma video: unapiga vipande vinne mfululizo, bila kukata, unatuma. Yaani unaweza kufanya ukiwa sebuleni kwenu Amagoro, bora tu jirani azime jenereta. Ada si ndogo, na kuanzia gredi ya sita lazima uwe umepita nadharia ya gredi ya tano au mtihani unaolingana nayo. Ndiyo maana nasema mapema: hii ni miaka, si miezi. Anayekuuzia klasiki ya wiki sita anakuuzia hewa.

Tuongee hesabu. Hii si bei ya soko, ni mfano tu. Wanafunzi wanane, kila mmoja somo moja kwa wiki, 500 bob. Hiyo ni 4,000 kwa wiki, kama 16,000 kwa mwezi. Si utajiri. Lakini ni pesa unajua inaingia lini, na hasla wengi hapa mpakani hawana hiyo bahati. Halafu kuna mtego: shule zikifunguliwa, watoto wa bweni wanaondoka na mapato yako. Kwa hivyo panga. Aprili, Agosti na Desemba ni za watoto. Muhula ukianza, tafuta watu wazima: mawakala wa forodha, walimu, wanakwaya. Tororo pia iko hapo tu ng'ambo. Lipwa mwanzo wa mwezi, M-Pesa, kabla ya somo la kwanza. Na harusini ukiambiwa "piga tu, tutakuona baadaye", jua hawatakuona.

Kuna mlango mwingine. Tangu Januari 2026 shule za sekondari ya juu zina mkondo wa Sanaa na Michezo. Mtoto akichagua muziki, mzazi atatafuta mtu wa kumsaidia. Wacha niwe mkweli: bila kusajiliwa na TSC huwezi kuajiriwa kama mwalimu wa shule, na mimi niliyeacha chuo najua vile hiyo orodha inavyokupita. Lakini mzazi anayekuleta mtoto Jumamosi haulizi namba ya TSC. Anauliza kama mtoto ameendelea. Hapo ndipo cheti cha gredi na mwanafunzi anayesikika vinakuongelea.

"YouTube ni bure." Kweli, na mimi mwenyewe naishi kwa video. Lakini video haioni kifundo chako kimepinda. Haikwambii bega limepanda. Unarudia kosa mwaka mzima mpaka linakuwa mtindo wako, halafu mkono unaanza kuuma. Mwalimu mmoja, hata wa mara mbili kwa mwezi, anakuokolea huo mwaka. Tumia YouTube kati ya masomo, si badala yake.

Na usisome hii ukadhani nimesema uache shule. Klasiki inataka dakika arobaini na tano kila siku. Hizo unazipata ukiwa darasani, kiwandani au kwa duka la shangazi. Anza sasa, kabla hujahitaji hiyo pesa.

Mama akikwambia gitaa si kazi, usibishane naye sana. Amesema kweli nusu. Kupiga gitaa si kazi bado. Kuifundisha vizuri, kwa muda uliopangwa na kwa bei unayoitaja bila aibu, hiyo ni kazi. Na hapa kwetu hiyo nafasi bado haijajaa.