AFYA YETU: Presha na Kambi ya Dagaa

Presha haina kelele. Mtu anavuta nyavu usiku kucha, hasikii maumivu. Kumbe damu inasukuma mishipa kwa nguvu kupita kiasi. Miaka ikipita, anapata kiharusi au figo zinaharibika.

Zahanati watakutajia namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unapopiga. Ya chini ni wakati moyo unapopumzika. Wakikupima siku zaidi ya moja, wakapata 140 kwa 90 au zaidi, una presha ya juu. Kabla ya kupimwa, kaa kitako dakika 5, usiongee. Ukifika mbio kutoka mwaloni, namba itadanganya.

Dawa humezwa kila siku, hata ukijiona mzima. Namba imeshushwa na dawa. Ukiiacha itapanda tena. Hapa ndipo wavuvi wetu wanapokwama. Vidonge vinaisha, naye yuko kambini Ukerewe. Basi, mweleze mganga safari zako bila kuficha. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wengi hupumzika. Omba tarehe yako ya kurudi ipangwe siku hizo.

Na kayabo? Sangara yule amelala ndani ya chumvi! Chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima isifike kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo ndani ya chakula. Mloweke, mwaga maji, kisha mpike bila kuongeza chumvi. Siku za kwanza mchuzi utaonekana umepooza. Ulimi utazoea.