Nani Atalipa Nauli ya Wapiga Makasia?



Kila mwaka, mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, katika mji mdogo wa Henley ulio kando ya mto Thames nchini Uingereza, hufanywa mashindano ya kupiga makasia yaliyoanza mwaka 1839. Najua wengi mtauliza: mchuma chai na mashindano ya Waingereza, wapi na wapi? Nawaombeni mvumilie. Habari ninayotaka kuieleza ni ya nauli, ya ruhusa ya kazini na ya mahali pa kulala, na mambo hayo hayana Mwingereza wala Mwafrika.

Miaka mingi iliyopita chama kilinipeleka huko kwa masomo ya miezi michache juu ya kazi za vyama vya wafanyakazi. Mwenyeji wangu alikuwa fundi katika karakana ya mabasi, na jioni baada ya zamu alikuwa akipiga makasia katika klabu moja ya mtoni. Jumamosi moja akaniomba nikawasaidie kupakia mashua kwa safari ya mashindano. Nilifikiri ni kazi ya nusu saa. Tuliianza saa mbili asubuhi tukaimaliza saa saba mchana, na mikono ilikuwa ikiniwasha kwa kamba.

Kwanza tufahamiane juu ya chombo chenyewe. Mashua ya watu wanane na mshika usukani wao ina urefu wa karibu meta 18, lakini uzito wake ni kilo mia moja hivi tu. Ubavu wake ni mwembamba hata ukiuegemea kwa kiwiko utautoboa. Si kama mitumbwi ya ndugu zetu wa ziwa Victoria, ambayo mtu hupiga kafi akitazama mbele. Hawa hukaa kinyumenyume wakavuta kasia refu kwa mikono miwili, na anayeona waendako ni mshika usukani peke yake. Huyo huchaguliwa mwepesi, kwani hapigi kasia. Ila sheria za kimataifa zinadai asipungue kilo 55, na akipungua atabebeshwa uzito wa kufidia.

Mashua ya namna hiyo haipandi trela hivi hivi. Hufunguliwa ikawa vipande viwili au vitatu. Vile vyuma vya pembeni vinavyoshikilia makasia hufunguliwa kimoja kimoja, kila kimoja kikaandikwa namba ya kiti chake, vikafungwa pamoja. Nati huwekwa katika kopo moja, na kopo hilo hushikwa na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, maana nati moja ikipotea mwenye kiti hicho hana pa kuwekea kasia. Makasia hufungwa kwa matambara yasikwaruzane. Viti vyao vyenye magurudumu huhesabiwa mara mbili. Kitambaa chekundu hufungwa kwenye mkia wa mashua unaotokeza nyuma ya trela, ili wenye magari wauone. Na dereva lazima awe amewahi kurudisha nyuma trela ndefu mahali penye giza na matope, si mtu wa kujifunzia siku hiyo.

Mwenyeji wangu alinieleza kwamba mwaka mmoja walifika mashindanoni salama, watu wanane wenye afya na mashua isiyo na mkwaruzo, wakakuta kwamba spana zote zimebaki nyumbani juu ya dirisha. Walizunguka kwa wapinzani wao kuazima kama watu wanaoomba chumvi. Tangu siku hiyo kila mpiga makasia katika klabu ile alikuwa na spana yake namba 10, naye akilala nayo mfukoni.

Trela hutangulia siku moja kabla. Watu hufuata kwa gari moshi, wakishuka Twyford na kupanda lingine dogo la kuingia Henley. Mji ni mdogo na wageni ni wengi, hivyo timu nyingi hulazwa katika nyumba za wenyeji, wengine sakafuni, na wengine hupiga mahema viwanjani. Anayeshughulikia malazi huanza kuandika barua miezi kadhaa kabla. Chakula nacho si jambo dogo: vijana wanane wanaovuta makasia hula kama kikosi cha wapasua mbao, na vyakula vya mashindanoni huuzwa kwa bei ya wenye nazo.

Lakini ndugu zangu, hayo yote ni rahisi. Taabu kubwa ya mfanyakazi ni ruhusa. Henley hushindana mashua mbili mbili, katika njia ya meta 2,112, na anayeshindwa hufunga mizigo. Siku hizi mashindano huchukua siku sita, kuanzia Jumanne hadi Jumapili. Klabu zisizo na nafasi ya uhakika hulazimika kwanza kupitia mchujo wa Ijumaa iliyotangulia, na kura ya nani atakutana na nani hupigwa Jumamosi. Katika kombe la klabu za kawaida zinaingia timu 32, maana yake bingwa hana budi kushinda mara tano. Sasa wewe fundi wa karakana, utamwambiaje msimamizi wako? Je, unaomba siku moja au sita? Ukiomba sita ukashindwa Jumanne, umeteketeza likizo yako bure. Ukiomba mbili ukaendelea kushinda, siku ya Alhamisi utakuwa mtoro kazini. Mwanafunzi wa chuo na mtoto wa tajiri hawana haja ya kupiga hesabu hiyo. Mashindano yamepangwa kwa mtu asiyepigiwa king'ora.

Na wala haikutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 1879 wakuu wa Henley walitangaza ni nani anayestahili kuitwa mpiga makasia wa ridhaa. Aliyewahi kufanya kazi ya mikono kwa ujira, akiwa fundi au kibarua, hakustahili. Chama cha makasia cha nchi hiyo kilichoanzishwa mwaka 1882 kikafuata njia hiyo hiyo na kuongeza hata watumishi wa kazi za chini. Sababu waliyoitoa ni kwamba kazi ya sulubu humpa mtu nguvu za mwili zisizo za haki. Hebu fikirini! Mtu anayebeba matofali saa kumi kwa siku aonekane amepewa upendeleo kuliko yule anayeshinda kutwa nzima mtoni akifundishwa na mwalimu wa kulipwa. Waliokataa ubaguzi huo, miongoni mwao msomi Frederick Furnivall, walishiriki mwaka 1890 kuunda chama cha pili kilichowapokea wafanyakazi. Vyama hivyo viwili vilikwenda mbali mbali hadi mwaka 1956 ndipo vilipoungana.

Sasa sikilizeni habari ya nauli. Mwaka 1905 klabu ya Vesper ya Philadelphia, Marekani, ambayo mashua yake ya watu wanane ilikuwa imeshinda Olimpiki za 1900 na 1904, ilivuka bahari kwenda Henley. Gharama za safari zilitokana na mchango wa watu, kama vile sisi tunavyopitisha kofia tawini mwenzetu anapofiwa. Mchango huo ukahesabiwa kuwa kosa, kwamba mtu wa ridhaa hulipa mwenyewe, na mwaka 1906 klabu ikapigwa marufuku. Mwaka 1920 akaja John B. Kelly wa klabu hiyo hiyo, aliyekuwa amefanya kazi ya kujenga kwa matofali. Alikataliwa kwa mambo mawili pamoja: marufuku ya klabu yake, na kwamba alikuwa amefanya kazi kwa mikono yake. Kiangazi hicho hicho alikwenda Olimpiki za Antwerp akamshinda Mwingereza Jack Beresford katika mashua ya mtu mmoja, na siku hiyo hiyo akashinda tena pamoja na Paul Costello katika mashua ya watu wawili. Mwanawe ndiye aliyekwenda Henley kulichukua kombe ambalo baba yake alizuiwa kuligombea, akalichukua mwaka 1947 na tena 1949. Baba wakati huo alikwisha kuwa tajiri, na mtoto hakuwa mwashi.

Mwaka 1936 mambo yakazidi. Timu ya Australia ikiwa njiani kwenda Olimpiki za Berlin ilitaka kushindana Henley. Ilikuwa timu ya askari polisi wa New South Wales. Wakaambiwa polisi nao ni watu wa kazi ya mikono. Watu waliosafiri nusu ya dunia! Makelele yalikuwa mengi, na mwaka uliofuata, 1937, kipengele hicho cha kazi za mikono kikafutwa.

Kwa hiyo leo hakuna sheria inayomkataza mwashi. Mlango uko wazi. Ila mlango ukiwa wazi na daraja la kuufikia halipo, kilichobadilika ni kidogo. Mwenyeji wangu hakuwahi kupiga makasia Henley yenyewe. Alisema hakuzuiwa na mtu yeyote. Alizuiwa na zamu.

Nimeyakumbuka hayo kwa ajili ya jambo lililotupata sisi. Timu yetu ya kuvuta kamba na ya mpira ilialikwa katika mashindano ya mashamba. Tulipewa lori la kubebea majani ya chai, halikufagiwa. Tulisafiri tukiwa wima kwa saa sita, tukafika saa tano mchana, saa sita tukaitwa uwanjani. Hapakuwa na uji wala maji. Hata hivyo kamba tuliivuta hadi fainali, na kwa sababu ya fainali tulirudi Jumatatu usiku badala ya Jumapili. Mwisho wa mwezi wavutaji wote walikuta wamekatwa siku moja, kwa maandishi kwamba hawakufika kazini. Na jezi walizovaa zilikuwa na jina la mwajiri kifuani kwa herufi za kuonekana kutoka ng'ambo ya bonde.

Wapo wenzetu waliosema katika mkutano kwamba michezo ni anasa na fedha za ada zisiguswe. Nakubaliana nao juu ya ada. Ada ni ya kutetea waliofukuzwa. Lakini sikubali kwamba ni anasa. Mwajiri haoni kuwa ni anasa anapotaka jina lake lionekane. Kama anaitaka timu, basi aitake pamoja na gharama zake. Wengine walisema watu wachangiwe. Mchango ni mzuri, na hakuna tena wa kutuhukumu kwa kuchanga, lakini mchango humtoa mfuma kamba shilingi zile zile alizokwisha kuzikosa.

Hapa Kenya sheria ya kazi ya 2007 inatupa siku 21 za likizo kwa mwaka wa kazi. Mtu ana wazazi mbali, ana watoto, ana shamba la kupalilia. Haifai siku hizo ziliwe na safari ambayo mwajiri ndiye aliyeikubali na kuifurahia. Ndiyo maana tumeandika pendekezo la kuingizwa katika mkataba wetu wa hali bora za kazi. Tumedai kwamba timu iliyoalikwa kwa idhini ya uongozi ihesabiwe kuwa kazini tangu siku ya kuondoka hadi siku itakapotolewa mashindanoni, ikiwamo fainali, pamoja na siku moja ya kurudi. Usafiri uwe wa gari lenye viti, uondoke siku moja kabla. Malazi na milo miwili kwa siku vijulikane kabla ya gari kuwashwa, na jina la mtu anayevishughulikia libandikwe ubaoni. Majina ya wasafiri yapelekwe kwa makarani wa zamu kwa maandishi, nakala moja ibaki kwa katibu wa tawi. Mimi niliongeza kwamba mtu mmoja ashike orodha ya vifaa, na wenzangu walicheka, kwa kuwa nimewachosha na hadithi ya spana.

Wale waliokatwa siku moja tumewadai pia warudishiwe. Barua ilipelekwa ofisini Jumatatu, ikapigwa muhuri wa kupokelewa, na nakala ninayo. Mkutano na uongozi umewekwa tarehe kumi na nne, saa nane mchana, baada ya zamu ya kwanza.